Mzee, Unalala Wapi?

Mtu mzima wa Koboko, mji wetu wa mpakani, unaweza kumwuliza mengi. Mwulize ana ng'ombe wangapi, atakudanganya bila kukasirika. Mwulize alikuwa jeshi gani na alikimbia lini, atakohoa kidogo kisha akuagizie chai. Lakini mwanamume mzima humwulizi analala wapi. Mimi niliulizwa, mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa manispaa, mbele ya watu ninaoswali nao, na aliyeniuliza angeweza kuwa mjukuu wangu.

Nianze na nyumba, maana yote yalianzia hapo. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, kando ya barabara iendayo Oraba. Niliijenga kwa kiinua mgongo nilichopewa nilipotoka jeshini, na nilitoka jeshini kwa sababu mguu wangu wa kushoto ulitangulia kutoka, ulipokanyaga bomu la kutegwa. Serikali ilichukua mguu, ikanipa matofali, nikaona tumelipana. Wakati ule nilikuwa na mke, na nilikuwa na maneno mengi.

Mke wangu alifariki. Baadaye akafariki mdogo wangu, akaacha mjane. Hawakujaliwa watoto. Mwanamke huyo ni mzaliwa wa Logiri, mtoto wa wakulima, alisilimu alipoolewa kwetu. Kwao mashamba yalikwisha kugawanywa kwa wapwa, na mtu akirudi anakaa jikoni kama mgeni asiyeondoka. Nikamwambia, "Shemeji, hapa ni kwenu. Kaa." Nikampa nyumba kubwa, mimi nikahamia kibanda cha nyasi nyuma ya ua.

Kibanda kile hakikuwa unyenyekevu. Kwetu ndugu akifa, ama unamrithi mjane wake watu wajue, ama unakaa mbali naye watu waone. Katikati hakuna. Mimi nilikwisha sema sitaki kurithi mtu, nimezeeka, na yeye alikwisha sema hataki kurithiwa. Kwa hiyo ilibidi kibanda kionekane kutoka barabarani, na mimi nionekane mlangoni mwake. Msikitini nilisifiwa. Mwenzangu mmoja wa jeshini, ambaye siku hizi ni mzee wa msikiti, alisema mbele ya watu kwamba afande huyu anamtunza mjane wa nduguye bila kumgusa. Nilijifanya kutazama chini, lakini masikio yangu yalikuwa wazi kabisa.

Kisha ikaja sukari. Nasema sukari kama kila mtu anavyosema, kana kwamba ni kitu kitamu. Ilianza kuula mguu wa kulia, ule niliobaki nao, kidonda kikafunguka kisiginoni na hakikufunga tena. Ile fimbo yangu ya kwapa haikunifaa, maana fimbo inataka mguu mmoja mzima. Nikapewa kiti cha magurudumu, na msimu mmoja wa mvua nikaanguka ndani ya kibanda nikienda chooni. Nilikaa chini kwenye tope na mkojo wangu mwenyewe mpaka asubuhi, kwa sababu niliona haya kupiga kelele. Shemeji alinikuta alipoleta uji. Hakusema pole. Alisema, "Leo unahamia ndani," akanibeba. Mwanamke yule ni mdogo wa umbo, na mimi nilimshika shingo kama mtoto aliyelala safarini.

Tangu hapo nililala katika nyumba kubwa, chumba cha mbele. Yeye analala chumba cha mwisho, na katikati kuna ukumbi. Yeye ndiye anayenipeleka chooni, yeye ndiye anayeosha kidonda na kubadilisha kitambaa, na siku nyingine yeye ndiye anayeosha yale ambayo mwanamume huoshwa na mamake au mkewe, na wote wawili sina. Naona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini nisipoiandika hamtaelewa lililofuata.

Haya zilitufanya tuwe watu wa ajabu. Kibanda hatukukivunja. Kitanda kilibaki kimetandikwa, ndala zangu zikakaa mlangoni, redio ikaning'inia msumarini. Kabla ya adhana ya alfajiri Shemeji alinitoa kwa mlango wa nyuma, akanisukuma mpaka kibandani, akanifunika blanketi mabegani. Watu walipopita kwenda kuswali walinikuta hapo, nimeketi kama mtu aliyeamka mwenyewe. "Salaam aleikum, afande!" "Waaleikum salaam!" Nilijibu kwa sauti ya gwaride. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa mwanamke mmoja tu ambaye hakuwahi kulalamika kuamka mapema.

Ndipo manispaa ikaanza habari ya kodi ya majengo. Vijana wawili walikuja na mkanda wa kupimia, wakazunguka nyumba, wakahesabu madirisha. Mimi nilikuwa mlangoni mwa kibanda changu, mahali pangu pa maonyesho. Walimkuta Shemeji barazani akipepeta simsim.

"Mama, hii nyumba iko ya nani?"

"Iko ya ule mzee."

"Na wewe? Wewe iko bibi yake?"

Niliona ungo ukisimama mikononi mwake. "Hapana. Mimi napanga tu."

Kijana akaandika. Mimi nilisikia kila neno, na niseme ukweli, nilishukuru. Alitafuta jibu la haraka linaloweza kututenga mimi na yeye mbele ya watu wasiotujua, akalipata. Angesema "shemeji yangu", wangeuliza mengine. Mpangaji haulizwi kitu. Nilimwona ni mwanamke mwenye akili sana, na jioni tulikula bila kulitaja jambo hilo.

Hatukujua sheria. Sheria inasema nyumba ambayo mwenyewe anakaa ndani haitozwi kodi hiyo, bali ile anayoipangisha. Makadirio yalipobandikwa ukutani pale manispaa, nyumba yangu ilikuwa upande wa zile za kupangisha, pamoja na magodauni na nyumba za wageni. Pensheni yangu yote isingetosha, hata ningeacha kula na dawa nikaacha.

Wenzangu wa jeshini walinicheka. "Afande, wewe ni askari wa zamani, tena mlemavu, tena mzee. Watakutozaje? Nenda na medali zako." Kila mmoja aliapa kwamba maveterani hawatozwi, na kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake. Binti yangu, ambaye ameolewa Arua, hakuapa. Alinipigia simu akasema, "Baba, kama ni shida, njoo ukae kwetu."

Nilikwisha kukaa kwao, nilipopelekwa Arua hospitalini kwa ajili ya kisigino. Mkwe wangu ni mfanyabiashara mwenye asili ya Kongo, anauza vitenge sokoni, na sina neno baya juu yake. Aliwahamisha watoto wake kitandani wakalala chini ili mimi nipate godoro. Aliniwekea ndoo mlangoni na kuninong'oneza, "Baba, mutu akizeeka iko mtoto tena, usione haya." Nami niliona haya mpaka sikuweza kumeza chakula chake. Kukaa kwa mkwe! Mtu aliyenilipa mahari anisikie nikikojoa ndooni! Nilimwomba binti anirudishe Koboko hata kabla kidonda hakijakauka.

Njia nyingine ilikuwa hii: wakala mmoja wa kupitisha mizigo kule mpakani Oraba alikuwa anaitaka nyumba nzima. Angeichukua kesho yake. Pango lake lingelipa kodi na lingebaki, lakini Shemeji angerudi Logiri kukaa jikoni kwa wapwa, na mimi ningebebwa kwenda Arua. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza siku ya kusikilizwa malalamiko manispaa ni lini. Nikamwambia. "Basi twende kwanza," akasema.

Siku hiyo nilivaa kaunda suti yangu ya kijivu, nikabandika medali kifuani. Shemeji alinisukuma njia nzima, vumbi la malori likitupaka. Ukumbini palijaa watu wenye shida zao, wenye maduka, wenye nyumba za wageni, na mzee wa msikiti naye alikuwapo kwa ajili ya vibanda vyake vya biashara. Shemeji aliniacha mbele, akarudi kusimama karibu na mlango, kama inavyompasa.

Ofisa alikuwa msichana, mpole, ana kalamu sikioni. Nilimtolea hotuba niliyoiandaa usiku kucha. Nilieleza jeshi, nikaeleza bomu, nikanyanyua suruali aone pasipo na mguu. Nilieleza umri. Watu waliguna kwa heshima. Nilijiona kama niko gwarideni tena, na niliposema kwamba taifa haliwezi kumtoza mtu mara mbili, mguu na nyumba, kuna mtu alipiga makofi.

Msichana alingoja nimalize. "Mzee, asante kwa kazi yako ya zamani. Lakini hii sheria hapana uliza medali. Uzee na mguu naweza peleka kwa baraza, wao nakaa, nafikiri, labda wanapunguza, labda hapana. Kitu moja tu natoa hii nyumba yote leo. Nyumba ya mutu anakaa mwenyewe hatutozi. Sasa mzee, wewe nalala wapi?"

Watu waliinamisha macho. Siyo kwamba walijua lolote. Waliinamisha kwa sababu ni swali lisiloulizwa.

Mzee wa msikiti alikuwa mstari wa pili. Nilimwona anatabasamu, anangoja nijibu jambo linalojulikana na mji mzima. Ningesema "ndani", nyumba ingepona, na mimi na mjane wa ndugu yangu tungekuwa tumelala chini ya paa moja mbele ya Koboko yote. Ningesema "kibandani", heshima ingepona, na sote wawili tungekosa pa kukaa. Mimi niliyekanyaga bomu nikaweza kuamrisha watu huku damu inatoka, nilitafuta ujasiri na sikuupata hata chembe.

"Kibanda ya nyuma," nikasema.

Msichana akashusha kalamu. "Basi mzee, nyumba kubwa iko na mpangaji."

"Hapana." Sauti ilitoka mlangoni. "Mzee nadanganya."

Sikugeuka. Kiti changu hakigeuki upesi, na hata kingegeuka nisingethubutu. Nilisikia ndala zake zikija kwenye saruji mpaka zikasimama nyuma yangu.

"Yeye nalala ndani ya nyumba, chumba ya mbele. Kibanda iko ya kudanganya watu. Yeye hapana weza kufika choo, mimi nabeba. Kidonda mimi naosha. Akichafuka, mimi naosha. Asubuhi natoa yeye nje, watu wanapita, wanaona iko mzima."

"Mama, wewe iko mpangaji?"

"Mimi hapana lipa kitu. Mimi iko bibi ya ndugu yake ile alikufa. Ile siku nilisema napanga, nilisema kwa heshima yake. Sasa heshima nataka kutoa sisi kwa nyumba."

Kuna mtu alichekea puani. Mwanamke mmoja alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kutosha. Mimi nilikuwa nikitazama medali zangu, na nilitamani mtu anifunike blanketi la kichwani, siyo la mabegani.

Msichana hakucheka. Alisema lazima waone, ndiyo kazi yao, na mchana huohuo akaja mwenyewe na mmoja wa wale vijana wa mkanda. Shemeji aliwafungulia chumba changu bila kuniuliza. Waliona kitanda, wakaona kamba iliyofungwa kwenye mbao ya dari ili nijivutie kuketi, wakaona ndoo na vitambaa vilivyofuliwa vikikaukia dirishani. Chumba kilikuwa na harufu yake, ambayo mimi sikuisikia tena mpaka nilipoona kijana anashika pua halafu anajuta. Msichana alisimama mlangoni kidogo. "Inatosha," akasema. "Mwenyewe anakaa hapa." Nyumba ikaondolewa kwenye kodi.

Ungedhani nilifurahi. Nilijifungia siku nzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nimeumbuliwa nikiwa hai, na watu walikuwa na muda wa kutosha kulizungumza. Redio nikaizima, maana kila anayecheka barabarani niliona ananicheka mimi. Kilichoniuma si maneno yao tu. Niliulizwa swali dogo nikakimbia, na mwanamke ambaye heshima yake ndiyo ilikuwa hatarini zaidi ndiye aliyesimama. Mwanamume akisemwa, kesho anasalimiwa. Mwanamke akisemwa, anasemwa mpaka kaburini. Alilijua hilo kuliko mimi, na alikuja na ndala zake mpaka nyuma ya kiti changu.

Mzee wa msikiti alinitembelea kesho yake. Hakunilaumu. Alikaa kitandani, akashika goti lake, akasema kwa upole wa mtu aliyeleta dawa, "Afande, hii kitu iko rahisi. Wewe hapana mke, yeye hapana mume, eda ilikwisha zamani. Sheikh anafunga ndoa Ijumaa, watu wanakula pilau, maneno nakwisha."

Nilihisi mzigo ukinishuka. Kwa nini sikuwaza hilo mapema? Sikumfikiria yeye hata kidogo wakati ule, nilifikiria Ijumaa, nikiwa nimevaa kanzu, na watu wakinipa mkono. Mwenzangu hajafika hata barabarani, mimi nilikwisha kumwita Shemeji.

Alikuwa anakaanga karanga. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama kizingitini. Nilimweleza yote, nikamwambia atakuwa na haki yake, na nyumba itakuwa yake nikifa, na hakuna atakayefungua mdomo tena. Nilisema vizuri. Hotuba sijawahi kushindwa.

"Shemeji," akasema, "wewe nataka mke, ama nataka watu wanyamaze?"

Mara hiyo angalau sikudanganya. "Nataka watu wanyamaze."

"Basi ongea na watu." Alitazama mwiko wake. "Mimi sijafanya kitu ya kufungiwa ndoa. Nikikubali Ijumaa, ile maneno yao nakuwa kweli, na yote nilikufanyia nakuwa uchafu tulikuwa tunaficha. Mimi niliosha ndugu ya bwana yangu. Sitaki msamaha kwa hiyo."

Akarudi kwenye karanga zake kabla hazijaungua. Nilibaki na kamba yangu ya darini, nikaishika bila kujivuta. Miaka yote hiyo nilidhani tunaficha haya ya watu wawili. Kumbe haya zilikuwa zangu peke yangu, na yeye alikuwa akizisukuma kila alfajiri mpaka nyuma ya ua kwa sababu mimi nilizitaka ziende huko.

Asubuhi iliyofuata hakuja kuniamsha gizani. Adhana ilipita, nikasikia watu wakipita kwenda msikitini na mimi bado kitandani kama kuruta aliyechelewa foleni. Alikuja jua lilipokwisha kuchomoza, akaniosha uso, akanipandisha kwenye kiti, na badala ya kukielekeza mlango wa nyuma akakielekeza ule wa mbele, unaotazama barabara. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka kuswali. Nilizitambua sauti zao moja moja.

"Shemeji," nikamwambia, "ngoja kwanza watu wapite."

"Watu wanapita," akasema, "na sisi tunapita." Akafungua mlango.